Karibuni Baada ya Magharibi

Nyumba zote za Muscat ni safi usiku. Nimeishi hapa muda wa kutosha kulisema hili bila kuogopa kubishiwa. Taa ya dari ikiwaka na kumwaga mwanga wake chini sawasawa, meza inang'aa, kioo kinang'aa, na hata mwenye nyumba anaonekana mtu wa kuaminika. Balaa ni saa kumi na moja jioni, jua likishakuwa chini na miale yake ikaingia sebuleni kwa ubavu. Hapo kila chembe ya vumbi inapata kivuli chake. Meza uliyoipangusa adhuhuri inaonekana haijaguswa tangu itoke dukani, na hewa yenyewe, ile uliyokuwa ukiivuta bila wasiwasi, inaonekana imejaa vitu vinavyopanda na kushuka kwa raha zao. Mgeni akibisha hodi saa hiyo, sisi huwa hatupo.

Mimi nimezaliwa na kukulia Unguja, ambako adui wa nyumba ni unyevu. Masika yakiingia, viatu vya ngozi vinaota ukungu kabatini, misumari inashika kutu, na chumvi inagandana koponi hata kijiko kinasimama wima. Vumbi lipo, lakini lina heshima zake. Linaingia kwa miguu ya watoto, ukilifagia linatoka, na likitoka halirudi mpaka watoto warudi. Mama yangu amefagia ua kwa fagio la chelewa maisha yake yote, na mpaka leo anaamini kwamba vumbi ni jambo lenye mwisho.

Shangazi yangu haamini hivyo. Yeye alikuja huku miaka ya 1970, baada ya Sultan Qaboos kushika nchi na kuwaita Waomani walioko ng'ambo warudi kwao. Nilipowasili, alinipokea uwanja wa ndege, akanilisha mpaka nikaomba radhi, kisha akanipa wasia. Hakunieleza habari za joto wala za madereva wa mji. "Mwanangu," alisema, "vumbi la hapa haliondoki, linahama. Kazi yako ni kujua limehamia wapi kabla mgeni hajajua." Nilicheka kwa adabu. Siku hizi nawapa wasia huohuo vijana wanaotoka nyumbani, nao hunicheka kwa adabu vilevile.

Tumpe adui haki yake kwanza. Watu wakisikia jangwa hufikiria mchanga, na mchanga hauna ubaya wowote. Ralph Bagnold, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyezurura kwa gari katika majangwa ya Misri na Libya miaka ya 1920 na 1930, aliandika kitabu kizima juu ya mchanga unaopeperushwa, kikachapishwa mwaka 1941. Alieleza kwamba punje ya mchanga hairuki ikapotea angani. Upepo unainyanyua, inakwenda mbele kidogo, inaanguka, na ikianguka inazigonga nyingine nazo zinaruka. Ni nadra kupita kimo cha mtu. Tabu ni kwamba kila ikigonga ardhi inazifumua chembe ndogo zaidi zilizokuwa zimejilalia, chembe nyembamba kuliko unywele mara nyingi, na hizo ndizo zinazopanda. Mchanga ni abiria wa daladala, anashuka kila kituo. Vumbi ni abiria wa ndege. Likishapaa linaweza kukaa angani siku kadhaa na kuvuka mipaka bila pasi. Vumbi la Sahara linavuka bahari ya Atlantiki likafika Amazon, likarutubisha msitu wa watu. Lile la kwetu halina safari ndefu hivyo. Linashukia kwenye makochi.

Na halina upungufu wa kwao. Nyuma ya milima ya Hajar, inayoubana mji huu baharini, kuna nchi kavu, na ng'ambo ya nchi kavu hiyo kuna Rub' al Khali, bahari ya mchanga yenye kilomita za mraba zipatazo 650,000, kubwa kuliko Kenya nzima. Majira ya joto huvuma kutoka upande huo upepo uitwao gharbi. Unashuka milimani ukizidi kupata moto, na unaweza kupandisha joto la mji kwa nyuzi sita hadi kumi. Kesho yake upepo unageuka, unatoka baharini na unyevu wake, na vumbi la jana lililotulia kwenye vioo linalowa, linakauka, linalowa tena, mpaka dirisha linapata rangi ambayo hatukuinunua. Unguja nilikuwa na unyevu. Bara Arabu nilitarajia vumbi. Hakuna aliyeniambia kwamba iko miji inayotoa vyote viwili kwa kodi ileile.

Ongeza hapo vumbi la majengo yanayopanda kila mtaa, la mawe yanayopasuliwa milimani, la mipira ya magari, nyuzi za mazulia, na vipande vya ngozi ambavyo mwili wa binadamu unavipukutisha bila kumuuliza mwenyewe. Nikipangusa meza ya sebuleni, kwa hiyo, najua kwamba sehemu ni jangwa, sehemu ni barabara kuu, na sehemu ni jamaa zangu.

Nyumba yetu ni ya kisasa, ya zege, na madirisha yake ni ya aluminiamu ya kusukuma. Aliyeyatia alituapia kwamba hayapitishi hata sauti, na kweli, sauti hayapitishi. Lakini reli ya chini ya dirisha la namna hii ina vitundu vidogo vya kutolea maji ya mvua. Muscat inapata mvua ya milimita 100 hivi kwa mwaka mzima, kwa hiyo vitundu hivyo vina nafasi kubwa ya kufanya kazi nyingine. Mke wangu aliviziba kwa sponji. Mimi niliziba pembe za milango kwa utepe wa mpira. Shangazi, ambaye hana imani na vitu vya dukani, alileta kanga kuukuu, akaiviringa, akailowesha, akailaza kizingitini. Ilikuwa kanga yenye jina la kumsuta jirani anayependa kuingilia mambo ya watu, na aliilaza kwa makusudi maandishi yakitazama nje.

Vumbi halijui kusoma. Ijumaa moja shangazi alikuwa anafukiza udi, akizungusha chetezo chumba hadi chumba. Alipofika mlangoni moshi ukageuka, ukarudi ndani kwa haraka, ukampiga usoni. "Mlango umeukataa udi," akasema, na hakuwa anafanya mzaha. Tukaanza kutazamana, kila mmoja akijihesabia madhambi yake. Aliyetuokoa ni fundi kutoka Kerala, aliyekuwa amekuja kutengeneza friji. Alikwenda jikoni, akazima feni ya kutolea moshi, na udi ukatulia. Mke wangu alikuwa anakaanga samaki. Feni inatoa hewa nje, akaeleza fundi, na hewa iliyotoka lazima ifidiwe, kwa hiyo nyumba inavuta nyingine kwa kila upenyo ilio nao, chini ya mlango, kwenye tundu la ufunguo, hata kwenye matundu ya swichi ukutani. Yaani miaka yote hiyo tulikuwa tunalipia umeme wa kulivuta vumbi kwa mashine. Tukabaki na hiari mbili, kunuka samaki au kula vumbi. Tulipiga kura. Watoto walichagua vumbi kwa hoja kwamba halina miba.

Silaha zetu nazo zina historia. Ya kwanza ilikuwa fimbo ya manyoya, nyepesi, nzuri kuitazama, inayompa mtu hisia ya kufanya kazi. Unapitisha juu ya rafu, vumbi linanyanyuka, linazunguka chumba kuangalia mandhari, na wewe ukishakaa na chai yako, linarudi kukaa nawe. "Unalitembeza tu," shangazi alisema. Kisha tukanunua kifyonza vumbi. Mashine za kiwango cha mfuko wetu hunasa punje kubwa. Chembe ndogo, hizo zilizozoea kupaa, zinaingia kwa bomba la mbele na kutokea nyuma zikiwa zimepashwa moto na kuongezewa kasi. Siku mfuko wake ulipopasuka katikati ya sebule, jirani alimtuma mtoto kuuliza kama tunabomoa ukuta.

Kilichobaki ni kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, na hapa natoa ushauri wa dhati: usipanguse vumbi la jangwani kwa kitambaa kikavu. Ndani yake mna chembe za kwatzi, na kwatzi ni ngumu kuliko kioo. Televisheni yetu ina mikwaruzo ya duara, kumbukumbu ya siku mwanangu mkubwa alipotaka kuombea baiskeli kwa matendo mema, akaisugua mpaka akatoka jasho. Mpira wa miguu nyumbani kwetu huchezwa ndani ya duara hilo.

Lakini kitambaa kibichi kinataka maji, na maji ya Muscat si ya mto. Sehemu kubwa ni maji ya bahari yaliyotolewa chumvi mitamboni kwa nguvu nyingi za umeme. Basi fikiria msafara wenyewe: bahari inavutwa, inasukumwa, inatolewa chumvi, inapitishwa mabomba hadi kwenye tangi juu ya paa, inateremka ndooni, inafuta kabati, na kabla ya Alasiri kabati liko vilevile. Siku moja pampu iligoma na tangi likakauka muda wa sala ukiwa umekaribia. Sisi tulikuwa tunahangaika kumpigia fundi simu. Shangazi alisimama mbele ya kabati la televisheni, akalitazama toka ncha hadi ncha, akasema, "Kwa tayammum, udhu wa vumbi, hapa panatosha sisi na mtaa mzima."

Kabati lenyewe ni kisa. Mke wangu alilipenda dukani, jeusi, linalong'aa hata unajiona meno. Muuzaji, mtu anayeishi mji huuhuu, alituuzia bila haya. Nina hakika samani nyeusi za kung'aa zimetengenezwa kwa watu wa nchi za mvua, na huku zinaletwa kutupima imani. Lilikaa safi muda wa kulitoa maboksi yake. Tangu hapo limekuwa ubao wa kuandikia. Mtoto wa jirani aliwahi kuchora gari juu yake kwa kidole, lenye magurudumu, taa na dereva mwenye kofia, na mke wangu akakataa lisifutwe kwa sababu ni kazi nzuri. Binti yangu huandika hapo hesabu zake za kuzidisha. Nami, nikiwa naongea na simu na sina kalamu karibu, nimenukuu nambari za watu wengi kwenye kabati hilo, na nyingine zimepotea kwa sababu mtu fulani, bila kuniuliza, amesafisha.

Mama yangu hulionea kabati hilo kwenye simu ya video. Yeye hanisalimu tena kwa kutazama uso wangu. "Marahaba," anasema, "sogea kidogo." Nasogea, anatazama nyuma yangu, anaguna. Dawa yake ni ile ya Unguja: nyunyiza maji uani kabla ya kufagia, vumbi lilale. Nimejaribu, Julai. Maji yalikauka kabla fagio halijafika. Nilipomwambia, alikaa kimya, kisha akamwita dada yangu aje asikilize uongo. Kuna usiku wa Juni mwaka 2018 ambapo mji wa Quriyat, kusini-mashariki mwetu, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku kucha wala mchana wake. Habari hiyo nayo mama haikubali. Anasema nimeanza kuzoeana na watu wa mjini.

Kufua nako kuna siasa yake. Manispaa haitaki nguo zianikwe roshani zikaonekana na wapita njia, kwa hiyo tunaanika juu ya paa, kwenye ujirani wa matangi. Kanzu inakauka kabla hujashuka ngazi. Ukiikawiza unaipata imesimama yenyewe kwa ukavu, na imebadilika rangi kuelekea ile ya mlima. Nimewahi kwenda harusini na kanzu iliyokuwa nyeupe asubuhi, na mtu mmoja akaniuliza kwa heshima nimepata wapi kitambaa cha rangi hiyo, maana yeye kaitafuta soko zima la Matrah.

Na mvua? Mgeni hufikiri mvua itatusaidia. Mvua ya hapa, inapokuja, mara nyingi ni matone machache yenye nia njema, yanayopita katikati ya vumbi lililoko angani na kufika chini yakiwa tope. Watu tunaomba mvua, tunaipata, tunashukuru, kisha tunakwenda kutazama magari yetu. Gari jeupe linakuwa la madoa. Vijana wenye ndoo na vitambaa kwenye maegesho ya maduka ndio watu pekee mjini ambao shukrani zao siku hiyo hazina mchanganyiko.

Sisemi kwamba yote ni kicheko. Jirani yetu ana pumu, na siku za gharbi mlango wake haufunguki. Sisi ndio tunaomletea mkate. Mwezi Mei mwaka 2022 dhoruba za vumbi ziliipiga Iraq mfululizo, viwanja vya ndege vikafungwa na maelfu ya watu wakakimbizwa hospitali kwa kukosa pumzi. Umoja wa Mataifa umeitenga Julai 12 kuwa siku ya kimataifa ya kupambana na dhoruba za mchanga na vumbi. Nyumbani kwetu siku hiyo huadhimishwa kila siku, isipokuwa Ijumaa, ambapo tunapumzika na vumbi linaendelea.

Sasa nije kwenye posa, maana ndiyo iliyotuwekea sheria tunazozifuata mpaka leo.

Mjukuu wa shangazi alikuwa anaposwa. Majlisi yetu, yaani chumba cha wageni, ni kubwa kuliko ya wazazi wake, basi ikaamuliwa wageni waje kwetu, mwanzoni mwa Mei, baada ya Alasiri. Ile saa shangazi hakuulizwa, alipewa habari tu, naye alinyamaza kwa namna ambayo watu wanaomjua wangeshtuka. Tulisafisha tangu alfajiri. Mapazia yalivuliwa yakafuliwa yakarudishwa. Mazulia yalipigwa mpaka yakatoa wingu. Reli za madirisha zilisuguliwa kwa miswaki ya zamani, na mwanangu mdogo, kwa juhudi, akasugua na mswaki wangu mpya. Adhuhuri nyumba ilikuwa safi kiasi kwamba hatukuthubutu kukaa.

Saa nane gharbi ikaanza. Kwanza milima ikapotea. Kisha mnara wa msikiti ukapotea. Kisha gari la jirani. Mke wangu akasimama dirishani, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba, "Limekuja." Tukafunga kila kitu, tukalowesha kanga ya kusuta majirani, tukazima feni ya jikoni sambusa zikiwa katikati ya mafuta. Wageni walipowasili, tulikuwa ndani ya nyumba iliyofungwa kila upenyo, yenye harufu ya udi, sambusa na hofu.

Wakaingia wazee na vijana, dishidasha nyeupe pe, kofia za kudarizi, na mbele yao ami wa bwana harusi, mzee mwenye bakora, ambaye naye alizaliwa Unguja na Kiswahili chake bado kina Darajani ndani yake. Wakaketi. Halua ikawekwa katikati, imefunuliwa, inameremeta. Dele la kahawa likaanza kuzunguka. Na kwa kuwa watu walikuwa wengi na madirisha yamefungwa, chumba kikapata joto, vipaji vya nyuso vikaanza kulowa, na mzee akajipepea kwa ncha ya kilemba.

Kiyoyozi cha majlisi kilikuwa kimelala tangu baridi ilipoingia, kwani chumba kile hufunguliwa kwa wageni tu. Fundi wa kukisafisha alikuwa ameitwa, akaitikia "bukra", yaani kesho, na hiyo kesho tuliisubiri wiki nzima. Nikabonyeza rimoti. Kiyoyozi kikafungua mdomo taratibu. Kikanyamaza. Kikakohoa ndani kwa ndani. Kisha kikapiga chafya.

Lilitoka la miezi yote. Lilitoka bonge zima la kijivu, likafunguka hewani juu ya vichwa vya watu wazima, likateremka bila haraka juu ya kofia, juu ya mabega meupe, ndani ya finjani, na juu ya halua, ambayo kwa utelezi wake wa samli hailiachi jambo likishaishika. Na ndipo jua, lililokuwa limefichwa na gharbi tangu saa nane, likapata mwanya, likaingia dirishani kwa ubavu, likaangaza kila kitu. Ilikuwa saa kumi na moja kasorobo.

Hakuna aliyesema neno. Kutoka chumba cha wanawake, nyuma ya pazia, nilisikia mke wangu akivuta pumzi na kuacha kuitoa. Mzee akakung'uta bega moja, akaacha la pili. Akainama, akamega kipande cha halua, akakiinua kwenye mwanga, akakizungusha.

"Bismillahi," akasema. "Mmetia ufuta?"

"Ndiyo, kaka yangu," shangazi akajibu nyuma ya pazia, bila kupoteza nukta. "Wa kwetu wenyewe."

Akala. Kizazi kizima cha wanaume kikamtazama akitafuna, kikaelewa kwamba sasa ni wajibu, kikala. Mzee alipomaliza, alijifuta vidole, akasema kwamba kwao kiyoyozi kilimwagia imamu Ramadhani, tena wakati wa kufuturu, na tangu siku ile familia yake haimhukumu mtu kwa lililotoka darini. Baada ya hapo maneno yakawa mepesi. Mahari yalizungumzwa muda mfupi kuliko tulivyotarajia, kwa sababu kila mtu alitaka kwenda nyumbani kuoga. Posa ikakubaliwa. Wale vijana sasa wana mtoto, na mtoto anapiga chafya kuliko watoto wengine, lakini labda ni sisi tu tunaomwangalia sana.

Wageni walipoondoka, mke wangu alilaumu gharbi, mimi nikamlaumu fundi, watoto wakalaumiana. Shangazi aliingia majlisi, akatazama uwanja wa vita, akauliza swali moja. "Nani aliwaita watu alasiri?"

Hapo ndipo siasa yetu ya usafi ilipobadilika. Tuliacha kuuliza vumbi liko wapi, tukaanza kuuliza litaonekana saa ngapi na nani. Wageni wetu wote, wa posa, wa msiba na wa kusalimia, tunawakaribisha baada ya Magharibi. Taa za majlisi tumezibadilisha, zimekuwa za manjano hafifu, na watu husifu kwamba chumba chetu kina utulivu. Pazia la upande wa jua hushushwa kabla ya Alasiri, na anayelifungua anapanguswa yeye. Tunasafisha njia ya kutoka mlangoni hadi kwenye kochi, pamoja na urefu ambao mkono wa mtu aliyeketi unaweza kufika. Zaidi ya hapo ni hifadhi ya taifa. Viyoyozi vyote huwashwa siku moja kabla, chumba kikiwa kitupu, na sote tukiwa nje. Mama naye nampigia usiku.

Mwisho tuliuza kabati jeusi, kwa mtu aliyefika jana yake kutoka nchi ya mvua. Nilitaka kumwonya, mke wangu akanikanyaga mguu. Tulipokwenda kutafuta jipya, shangazi alifuatana nasi, na mkobani alikuwa na kichupa kidogo. Muuzaji akatuonyesha kabati la rangi ya ukili, jingine la kahawia, jingine la rangi aliyoiita champagne. Shangazi akafungua kichupa, akamwaga kidogo juu ya kila moja vumbi la kwetu, akarudi nyuma hatua mbili, akakodoa macho. Kwenye lile la tatu vumbi halikuonekana kabisa. "Hili," akasema, na muuzaji, aliyekuwa na kitambaa mkononi, akawa hajui apanguse wapi.

Tangu kabati hilo lije, nyumba yetu ina amani ambayo haikuwahi kuwa nayo. Mke wangu akiniuliza kama nimelipangusa leo, nasema ndiyo. Nami nikimuuliza jana alilipangusa, anasema ndiyo. Hakuna mwenye ushahidi, na ndoa inasonga mbele.